Tembo Mwenye Kesi

Jumanne, 22 Aprili

Daktari wa macho ameniagiza niwe na daftari la kuandika kila siku kama nimeweka matone. Asubuhi: nimeweka. Jioni: nimeweka. Kazi imekwisha, na daftari lina kurasa mia mbili. Karani wa mahakama hawezi kuacha karatasi nyeupe ikae bure, kwa hiyo nitaendelea.

Kwa kumbukumbu, kama tunavyoandika kwenye jalada: Gabrieli, miaka hamsini na minne, mkazi wa Mabwerebwere, Kilosa, mzaliwa wa milimani Lumuma. Mke mmoja, Lea. Mtoto mmoja, Upendo, ameolewa Dodoma. Ugonjwa: presha ya macho.

Daktari, kijana mpole, alinieleza bila kuzunguka. "Mzee, inakula uoni wa pembeni kwanza. Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki."

Nikamuuliza kama nikifika miaka sitini nitaweza kuchora.

"Kwani wewe ni mchoraji?"

"Bado. Nikistaafu."

Aliacha kuandika akanitazama. Ningependa angesema neno, maana ukimya wake nimerudi nao mpaka nyumbani.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Matone mara mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa. Nimevuta sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna michoro ya miaka ishirini na tisa, yote nyuma ya orodha za kesi zilizokwisha. Upande huu wagomvi wa mpaka wa shamba, upande ule twiga. Nilipokuwa shule ya misheni mwalimu alinipa ukuta mzima nichore ramani ya Afrika, nikachora na samaki baharini ambao hakuniagiza. Alicheka, akaniacha nao. Tangu siku hiyo sijapewa ukuta mwingine, na ukweli ni kwamba sijauomba.

Nilipozitandaza kitandani niligundua jambo. Ili nione karatasi za pembeni nalazimika kugeuza kichwa kizima, kama kuku anayekagua punje. Zamani sikufanya hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Abeli yuko kwenye benchi. Nimwandike, maana najua siku moja nitauliza ilianza lini.

Kaka Abeli alikuwa karani mkuu wetu. Alistaafu Desemba, tukamfanyia sherehe, tukampa kiti cha uvivu na vitenge viwili vya mkewe. Miaka yote aliyonifundisha kazi alikuwa na wimbo mmoja: nikistaafu napanda Lumuma kulima vitunguu. Aliweza kukuchorea matuta na mifereji ya maji juu ya meza kwa kidole. Sasa kila asubuhi saa mbili yuko kwenye benchi la nje la mahakama, pamoja na wenye kesi. Anasalimia watu na kuwaelekeza mlango. Saa saba anaondoka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo mna kesi nyingi?"

"Za kawaida. Vipi Lumuma?"

"Magoti haya. Ngoja mvua zipite."

Januari alisema ngoja jua lipungue.

Jumatano, 30 Aprili

Nimetumwa Mikumi kupeleka majalada. Barabara matope, tumefika saa sita badala ya saa nne. Nilikula kwa Bi Yusrah, mwenye hoteli ya madereva wa malori pale barabara kuu. Mjane, sauti kubwa, pilau nzuri kuliko zote ninazozijua. Amejenga ukuta mpya unaotazama barabara, hatua kumi na nne, umepigwa plasta na rangi nyeupe, hauna hata alama. Nilikula nikiutazama mpaka wali ukapoa.

Nilimchorea tembo nyuma ya karatasi. Akaishika juu, akaipima na ukuta.

"Mzee Gabrieli, nichoree huyu pale. Rangi nitanunua, utakula hapa, chumba cha uani kipo. Nataka uwe tayari Idi ya kuchinja, ndugu zangu wote wanakuja."

Nilifungua mdomo niseme nikistaafu. Nikasikia nimesema nitachukua likizo.

Ijumaa, 2 Mei

Lea amekasirika, na ana haki. Likizo yangu kila mwaka ni ya mavuno ya mpunga Mvumi. Ndiyo desturi ya nyumba hii tangu tuoane: yeye hupanda na kupalilia, mimi huja kwenye kuvuna na kusimamia vibarua, halafu hujisifu mwaka mzima kwamba mimi ni mkulima.

"Tembo ndiye atavuna?" aliuliza.

"Mama Upendo, ni ukuta mmoja tu."

"Miaka sita imebaki ustaafu. Ukuta utakimbia?"

Hapo nikamwambia maneno yote ya daktari. Nilikuwa nimemwambia nusu: presha, matone, basi. Aliketi juu ya gunia la mkaa na kanga yake safi. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema ningekukasirikia kidogo tu," akaingia ndani kupika. Sijamwelewa, lakini ugali ulikuja na samaki.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani. Nimemshukuru Mungu kwa sehemu ya katikati ya macho yangu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Likizo imesainiwa.

Jumamosi, 10 Mei

Lea amepata msimamizi wa mavuno. Amemfuata Abeli nyumbani, akamwambia, "Shemeji, mdogo wako ananikimbia, nisaidie." Abeli akasema magoti. Lea akasema, "Sikuombi uvune, nakuomba ukae kwenye kiti chako cha uvivu kando ya shamba uwapigie kelele." Amekubali. Miaka ishirini na minane namjua mke huyu na bado ananishangaza.

Jumatatu, 12 Mei

Mikumi. Nimefika na rula ya mbao ya mita moja, penseli tatu, uzi na matone. Mvua ya jioni. Sijagusa ukuta.

Jumanne, 13 Mei

Nimepiga mistari. Nimeacha ukingo wa kushoto.

Jumatano, 14 Mei

Mistari.

Ijumaa, 16 Mei

Wanyama sita: tembo, twiga, pundamilia, nyati, swala, ngiri. Nafasi kati yao ni sawasawa, sentimita sitini. Bi Yusrah amepita mara mbili akasema "Haya." Madereva wanakula wakitazama. Nimefurahi kama mtoto. Lea amepiga simu: wamefyeka robo ya shamba, Abeli anasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Jumatatu, 19 Mei

Niandike yote, hata kama yananichoma.

Asubuhi nilimaliza rangi ya kijivu ya tembo, nikajifuta mikono, nikakaa mezani na chai yangu nisikilize watakavyosema. Akaingia Kasiani. Huyu ni dereva wa lori la mbolea, Mnyamwezi wa Tabora, na alipojua kwetu ni Lumuma alinitangaza mtani wake siku ile ile, maana yake ana ruhusa ya kunitukana bila kuomba radhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Mzee, hawa wanyama wana kesi gani?"

"Kesi?"

"Mbona wamepanga foleni? Mimi nakatiza hifadhi hii mwaka wa kumi na moja. Sijaona tembo anamsubiri pundamilia apite kwa zamu. Na wote wanatazama mlangoni. Nani ataitwa kwanza?"

Hoteli nzima ilicheka. Mmoja alisimama akaita kwa sauti ya karani wa mahakama, "Nyati dhidi ya Ngiri!" Vikombe vikagonga meza. Mwingine akaongeza kwamba miguu ya tembo inapinda kama ya mbuzi, na kwamba angekuwa na miguu hiyo angeanguka kabla ya kufika Doma, ng'ambo ya hifadhi.

Bi Yusrah alikuwa mlangoni, hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuja taratibu. "Mzee Gabrieli, nilitaka tembo wa kuita watu waje kula. Huyu anawaambia warudi kesho."

Nilisimama nirudi chumbani. Nikarudi nyuma hatua moja kuutazama ukuta mara ya mwisho, nikakanyaga ndoo ya rangi nyeusi iliyokuwa kushoto kwangu. Ilimwagika sakafuni mpaka chini ya meza ya watu. Nami nikaangukia goti.

"Ndoo kubwa hivyo hukuiona?" Bi Yusrah aliuliza, si kwa ukali.

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia, pale sakafuni, madereva wakisikia: macho yanafungwa pembeni, hayatafunguka, sijui yatafika wapi, na mimi nimesubiri miaka ishirini na tisa kupata ukuta kisha nimeuharibu kwa rula. Nililia kidogo. Nimeliandika, basi.

Hakuna aliyecheka tena. Kasiani alikuwa ameshachukua dekio. Bi Yusrah akaniinua kwa mkono. "Kumbe hatuna muda wa kuchora vibaya," alisema. "Kunywa chai. Kesho unaanza upya."

Na Kasiani, bado ameinama na dekio lake: "Kesho alfajiri nashuka Dar. Nakuchukua mpaka Doma, utarudi na mwenzangu. Ukawaone kwanza, mtani. Unachora watu usiowajua."

Ni kweli. Nimepita hifadhi hiyo labda mara hamsini katika maisha yangu, na kila mara nilikuwa nimesinzia au nasoma jalada.

Jumanne, 20 Mei

Lori liko juu, kioo chake ni kipana kuliko dirisha la sebule yangu. Niligeuza kichwa kulia na kushoto njia nzima mpaka Kasiani akaniuliza kama shingo ina skrubu. Nimeona nyani wamekaa kando ya lami, kila mmoja na mambo yake. Nimeona twiga watatu, hakuna wawili wanaotazama upande mmoja. Tembo kumi na moja, wamechanganyika, ndama katikati ya miguu ya mama zao, hakuna mstari wala ukingo.

Kisha tembo mmoja mzee, peke yake, karibu na dimbwi la mvua. Mguu mmoja wa nyuma ameulegeza, mkonga umening'inia, masikio hayachezi. Haendi popote, wala hali majani. Kasiani alipunguza mwendo, maana kule hairuhusiwi kusimama.

"Huyu kila siku yuko hapo," alisema.

Nilimjua. Nimemwona kila asubuhi tangu Januari, saa mbili mpaka saa saba.

Nilikuwa nafikiri hivi: sijui mbuga, lakini kuna kitu nakijua kuliko madereva wote wa barabara hii. Najua viumbe wanavyosubiri. Najua anayesubiri akiwa na hasira anavyokaa, na aliyeazima shati la kuja nalo, na mama aliyekuja na chakula kwenye kitambaa kwa sababu anajua hataitwa leo. Kasiani alinitania tu. Ila ameniambia ukweli ambao mimi mwenyewe nimekuwa nikiuficha kwenye sanduku la bati.

Jumatano, 21 Mei

Nimeomba rangi nyeupe, nimeufuta ukuta wote. Rula nimempa mpishi wa Bi Yusrah akasongee ugali.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Nimechora kwenye karatasi tu, lakini nimechora ishirini na tatu.

Jumamosi, 24 Mei

Benchi refu, ukuta mzima, chini ya paa la bati. Bi Yusrah ameuliza, "Tembo yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. "Asichelewe, na Idi haichelewi."

Jumanne, 27 Mei

Twiga amekamilika. Amekaa benchini, shingo imetoboa paa, anasikiliza kinachosemwa ndani bila ruhusa. Ngiri amevaa koti la kuazima. Swala mama amekuja na kikapu. Nyani wawili wanakubaliana nje kile watakachobishania ndani. Madereva sasa wanaingia na sahani mkononi, wanasimama nyuma yangu wanashauri. Mguu hivi, sikio hivi. Nawasikiliza, maana wanajua. Na ndoo zote sasa zinakaa kulia kwangu; sikuwaomba. Kila anayepita akiikuta kushoto anaihamisha.

Nimekuwa karani kati ya watu kwa miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kuangaliwa hivi. Asante Mungu kwa ndoo.

Alhamisi, 29 Mei

Lea amepiga. Mpunga umefyekwa wote, sasa wanaupiga kutoa punje. Abeli hakai tena kwenye kiti. "Jana nimemkuta anabeba mganda," alisema. "Nikamwambia shemeji magoti, akaniambia nimwache." Kisha akaniuliza kuhusu matone kabla hajakata. Hukosi kunikumbusha, Mama Upendo. Niliwahi kufikiri unanisimamia kama mtoto. Nilikosea.

Jumatatu, 2 Juni

Tembo.

Jumanne, 3 Juni

Tembo. Miguu sasa inapinda kama ya tembo. Kasiani amepita kutoka Dar, amekagua kwa kuchuchumaa, amesema sasa tembo huyu anaweza kufika mpaka Tunduma.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemaliza saa kumi alasiri, jua likiwa bado kwenye ukuta. Bi Yusrah alikuja kuutazama akiwa na mwiko mkononi. Alianza mwanzoni mwa benchi akaenda polepole, kama anayesoma. Alipofika kwa nyani alicheka. Kwa twiga alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. Kwa tembo alisimama, akasema, "Huyu mpishi wangu atampelekea chai."

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mbuzi wawili, pilau ya sufuria tatu, watoto wa Bi Yusrah na ndugu zake kila kona. Lea amekuja na gunia la mchele mpya, na Abeli pamoja naye, mweusi kwa jua, amekonda, shati limemlegea.

Lea aliutazama ukuta kwanza kwa mbali, toka ng'ambo ya barabara, halafu akavuka. Hakusema ni mzuri. Alinishika kidevu mbele ya watu wote, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akaniuliza, "Asubuhi umeweka?" Nimeweka, nikasema. "Basi endelea kuchora." Watu wangu, nimeolewa na mwanamke huyu, si kwamba nimemwoa.

Abeli alikuwa mbele ya tembo. Nilimwacha muda, kisha nikasimama kando yake. Ni kosa kumchora mkubwa wako wa kazi bila kumwomba.

"Huyu ana magoti yangu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Amekaa hapo tangu lini?"

"Tangu Januari."

Malori mawili yalipita.

"Na kesi yake ni ipi?"

"Hana kesi, kaka. Ndiyo maana haitwi."

Nilidhani atanipiga, au ataondoka. Alichukua kiti, akakaa pale pale mbele ya ukuta, akala pilau yake yote akimtazama yule tembo.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini. Saa mbili kamili nimepita nje ya mahakama, nikageuza kichwa kizima kulia na kushoto kwa kuwa siku hizi siamini pembeni. Benchi lina mama mmoja na vijana wawili. Abeli hayupo.

Jumanne, 10 Juni

Hayupo. Nimeogopa kwamba nimemuumiza. Simu yake haipatikani.

Ijumaa, 13 Juni

Hayupo. Mkewe ameniambia, "Amesafiri." Amesema hivyo akicheka, sijui kwa nini.

Jumatatu, 23 Juni

Kwa daktari wa macho. Vipimo ni vile vile vya Aprili. Havijashuka. "Umejitahidi, mzee," alisema. Akasema pia hakuna ahadi, nami nikasema sikuja kuomba ahadi. Alikuwa anajaza kadi mpya, akafika palipoandikwa Kazi, akaniuliza kwa mazoea.

"Mchoraji," nikasema. "Na karani, mpaka saa tisa na nusu."

Kasiani amenitumia salamu: madereva hawasemi tena wanakula kwa Bi Yusrah. Wanasema tukutane mahakamani. Bi Yusrah amelalamika kwa sauti kubwa na ameongeza meza tatu.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi ya baridi, mvua zimekwisha kabisa. Lea ameniamuru nichore ukuta wa jiko letu: ndege wanaokula mpunga, na yeye akiwafukuza. Amesisitiza awe mwembamba. Nilikuwa nimepanda kwenye kigoda nachora ndege wa nne, Lea akasoma ujumbe kwenye simu yangu kwa sauti, maana mikono yangu ilikuwa na rangi. Umetoka Lumuma, kwa Abeli. Huko milimani mtandao unapatikana ukipanda jiwe.

"Mdogo wangu, nimepandikiza miche ya vitunguu matuta sita. Magoti yanauma lakini yanakunja. Benchi nimemwachia tembo wako."

Lea alisoma mara mbili. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na niliporudisha macho ukutani ndege wa nne alikuwa amepotea kwenye machozi, ikabidi nisubiri.

Asubuhi: nimeweka. Jioni: nitaweka nikishanawa rangi.